Ufundi wa Kumpa Mzee Kazi

Kuku hawajui kwamba mzee anayewamwagia punje ana maradhi ya kusahau. Humkimbilia kama wanavyomkimbilia mwenye shamba, hugombania punje miguuni pake, kisha hutawanyika wameshiba. Mzee huyo hajaulizwa leo ni tarehe ngapi, wala waziri mkuu ni nani, wala mjukuu wake wa tatu anaitwaje. Ameombwa awalishe kuku, na amewalisha. Juu ya jambo dogo kama hilo Waholanzi wamejenga ufundi mzima wa kuwatunza wazee, na ni ufundi unaostahili kuangaliwa bila haraka.

Mahali penyewe ni shambani. Kwa Kiholanzi huitwa zorgboerderij, shamba la matunzo: shamba la kweli lenye ng'ombe au mbuzi, kuku, bustani ya mboga na miti ya matunda, ambalo pamoja na kuuza mazao yake hupokea watu wanaohitaji uangalizi. Wamo vijana wenye ulemavu wa akili, wamo wanaojinasua kwenye ulevi au sonona, na wamo wazee wenye demensia. Mwaka 1998 mashamba ya namna hii yalikuwa kama 75 nchi nzima. Kufikia mwaka 2009 yalikuwa yamepita 1,000. Yaliongezeka kwa sababu mahitaji mawili yalikutana. Mkulima mdogo alikuwa akitafuta kipato cha pili ili shamba la wazazi wake lisife, na familia zilikuwa zikitafuta mahali pa kumpeleka mzee pasipofanana na hospitali. Serikali nayo ilikubali kulipia. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2015, halmashauri za miji na vijiji hugharimia matunzo ya mchana ya anayeishi kwake, na mfuko wa matunzo ya muda mrefu humgharimia yule anayehitaji uangalizi usiku na mchana.

Wazee wengi huenda kwa siku. Asubuhi gari dogo huwapitia majumbani. Wakifika hunywa kahawa kuzunguka meza kubwa ya jikoni, na hapohapo kazi za siku hugawanywa. Mchana hula chakula cha moto kilichopikwa kwa viazi na mboga walizozimenya wenyewe. Hupumzika, hufanya kazi nyepesi, hunywa kahawa tena, na alasiri hurudishwa nyumbani. Baadhi ya mashamba, kama Reigershoeve katika mji wa Heemskerk, yana nyumba ambamo wazee wenye demensia wanaishi moja kwa moja, wakifungua mlango asubuhi na kukuta bustani na wanyama nje.

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza husema siri ni hewa safi. Hewa safi imo, na mwanga umo, na kijani kimo, nami nitavifikia. Lakini mpeleke mzee mwenye demensia katikati ya konde zuri kuliko yote, mkalishe kitini, kisha uondoke: baada ya nusu saa atakuwa ana baridi, ana hofu, na anauliza lini atarudi kwao. Konde halimwiti kwa jina. Anayemwita ni mtu anayejua ampe kazi gani, wakati gani, kwa maneno gani, na yeye mwenyewe asimame wapi wakati kazi inafanyika. Huyo ndiye fundi, na shamba ni karakana yake.

Ili kuona ugumu wa kazi ya fundi huyu, inafaa kujua ugonjwa unachukua nini na unaacha nini. Demensia ni jina la jumla la magonjwa yanayoharibu ubongo na kumpokonya mtu kumbukumbu, lugha na uwezo wa kupanga mambo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo. Ugonjwa wa Alzheimer peke yake huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa hao. Katika ugonjwa huo, moja ya sehemu zinazoshambuliwa mapema ni hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoweka kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mzee husahau alichoambiwa dakika tano zilizopita huku akikumbuka harusi yake. Kumbukumbu ya mikono, ile ya kumenya, kufagia, kukamua, kukunja na kupalilia, hutegemea sehemu nyingine za ubongo na hudumu muda mrefu zaidi. Mtu aliyesahau kwamba ana mke anaweza bado kushika koleo kwa namna sahihi.

Hapo ndipo fundi anapoanzia. Kabla mzee hajafika shambani, familia yake huulizwa maswali mengi kuhusu maisha yake. Alikuwa akifanya kazi gani? Alizaliwa shambani au mjini? Alikuwa mtu wa kuamka mapema? Alipenda wanyama, au aliwaogopa? Aliyekuwa mwokaji mikate hapelekwi zizini kwa sababu tu zizi lipo. Huenda mikono yake ikaamka jikoni, unga ukiwa mezani. Aliyekuwa fundi bomba hupewa mpira wa kumwagilia unaovuja. Mama aliyelea watoto sita na hakuwahi kugusa ng'ombe huenda akaridhika zaidi akianika nguo kwenye kamba huku upepo ukizipiga. Shamba lina faida moja ambayo ukumbi wa wazee hauna: kazi zake ni nyingi na za aina nyingi, kiasi kwamba ni nadra mtu kukosa yake.

Watafiti wa Kiholanzi wamegundua jambo linalofuatana na hilo. Simone de Bruin, aliyeyachunguza mashamba haya kwa miaka mingi, alikuta kwamba yanavuta wanaume zaidi kuliko vituo vya kawaida vya mchana. Mwanamume aliyefanya kazi za nje maisha yake yote hukataa katakata kwenda mahali pa kuimba na kubandika karatasi za rangi. Ukimwambia kuna kuni za kupasua, anatafuta koti lake.

Kazi hiyo lazima iwe ya kweli, na hapa fundi mzuri hujitenga na wa kubahatisha. Katika baadhi ya vituo duniani mzee hupewa taulo akunje, na akishamaliza mhudumu huzibeba nyuma ya mlango, huzikunjua, na kumrudishia kesho yake. Mikono inafanya kazi, lakini mtu amedanganywa, na wazee wengi hulihisi hilo hata kama hawawezi kulisema. Shambani hakuna haja ya kudanganya. Mayai yasipookotwa yatavunjika. Majani yasipofagiwa njia itateleza. Karoti zisipomenywa hakuna mchuzi. Kazi haikubuniwa kwa ajili ya ugonjwa wa mtu. Ilikuwepo kabla yake na itakuwepo baada yake. Anayeifanya amesaidia kweli, na akila mchuzi ule mchana amekula jasho lake.

Baada ya kuchagua kazi, fundi huikata vipande. Kuokota mayai huonekana kazi moja, kumbe ndani yake mna kazi kumi: kuvaa gambuti, kuchukua kikapu, kwenda bandani, kufungua kitasa, kuinama, kupapasa kwenye nyasi, kushika yai bila kulibana, kuliweka, kufunga mlango, kurudi. Mwenye demensia ya mwanzo atazifanya zote peke yake. Aliyefika katikati ya ugonjwa huenda akakwama kwenye kitasa tu, na kitasa hicho ndicho mtunzaji anachokifungua mapema bila kusema neno. Aliyezidiwa zaidi atashika kikapu wakati mwingine anaokota, na bado ameokota mayai. Kila wiki mtunzaji huangalia upya ni kipande gani kimeshakuwa kigumu, akakichukua yeye, na kuviacha vilivyobaki mikononi mwa mwenyewe. Asichukue kingi kuliko inavyohitajika: kipande ambacho mzee alikiweza akanyang'anywa, mara nyingi hakirudi.

Vifaa navyo huwekwa kwa hesabu. Fagio haliwekwi stoo. Huegemezwa ukutani, kando ya mlango, mbele ya majani yaliyoanguka. Ndoo ya punje hukaa juu ya kigogo, kifuniko kimefunguliwa, banda la kuku likionekana kwa mbele. Toroli huachwa ikielekea upande inakotakiwa kwenda. Mzee akitoka nje, vitu vyenyewe vinamwambia cha kufanya, na hahitaji kukumbuka agizo. Anaona fagio, anaona majani, mkono unajua. Mpita njia atadhani shamba hili lina vifaa vilivyozagaa, lakini kila kilichozagaa kimepangwa.

Kisha maneno. Mtunzaji hasemi, "Nenda bandani ukaokote mayai kisha uyalete jikoni uyaoshe." Sentensi ya namna hiyo ina mambo manne, na la kwanza huwa limeshapotea la nne likitamkwa. Husema jambo moja, kwa sentensi fupi, akimwangalia usoni. Mara nyingi hasemi kabisa: huanza yeye, humenya karoti mbili, husogeza bakuli katikati yao, na kisu cha pili kipo karibu. Haulizi "unakumbuka?" kwa kuwa swali hilo lina jibu moja la aibu. Hamsahihishi mzee anayedai kwamba ng'ombe wale ni wa baba yake. Humuuliza baba alikuwa na ng'ombe wangapi, na mazungumzo yanaendelea. Na badala ya kuagiza, huomba. "Unaweza kunisaidia hapa?" ni maneno yanayompandisha mtu, kwa sababu anayeombwa msaada ni mwenye uwezo. Kazi ikimalizika hapigiwi makofi kama mtoto aliyejifunza kutembea. Hushukuriwa, kama mtu mzima yeyote aliyesaidia.

Sehemu inayonivutia zaidi ni ile ambayo haionekani kabisa: kukaa kando. Kufagia uani kwa kijana ni dakika kumi. Kwa mzee huyu ni saa nzima, pamoja na kusimama, kumtazama ndege, kusahau, kuliona fagio tena na kuanza upya. Mtunzaji mwenye haraka atalichukua fagio amalizie, na kwa tendo hilo jema atakuwa ameiharibu asubuhi nzima. Mtunzaji mwenye ufundi hupalilia tuta la jirani, mgongo umegeuka nusu, jicho la pembeni likiona kila kitu. Yupo karibu vya kutosha kumdaka mtu anayejikwaa, na mbali vya kutosha kumwacha awe peke yake na kazi yake. Umbali huo haupimwi kwa futi. Hubadilika kwa mtu, kwa siku, hata kwa saa, na anayeujua ameujifunza kwa miaka.

Ardhi yenyewe pia imefanyiwa kazi. Njia huzunguka na kumrudisha mtu alikoanzia, kwa kuwa njia inayoishia ukutani humtia mwenye demensia wasiwasi na hasira. Kokoto huepukwa, maana hukwamisha magurudumu ya vigari vya kutembelea. Hata rangi ya sakafu hufikiriwa: baadhi ya wenye demensia huona bamba jeusi au zulia jeusi kama shimo na hukataa kulikanyaga, kwa hiyo njia hupewa rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Matuta mengine huinuliwa hadi kimo cha kiuno, ili asiyeweza kuinama apande lettusi akiwa amesimama au amekaa kitini. Mabenchi huwekwa karibukaribu. Ua wa kuzuia watu wasipotee upo, lakini hufichwa nyuma ya vichaka, mtu asijione amefungiwa. Choo huonekana kutoka bustanini, kwa sababu wengi hukataa kutoka nje kwa hofu ya kutokukipata.

Mimea huchaguliwa kwa macho mawili, la uzuri na la usalama. Taxus, unaopandwa sana Ulaya kama mti wa uzio, una sumu katika majani na mbegu. Digitalis, mmea wenye maua mazuri ya zambarau, una sumu ya moyo. Bustani ya watu wanaoweza kutia chochote mdomoni haina nafasi ya mimea hiyo. Badala yake kuna stroberi, nyanya, mnanaa, lavanda na alizeti. Fundi mzoefu hategemei harufu peke yake, kwani ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi hudhoofisha pua mapema. Huongeza majani yenye manyoya laini ya kushika, nyasi ndefu zinazosikika upepo ukipita, na maua ya rangi kali ambayo jicho la mtu wa miaka 85 huyaona bila taabu.

Wanyama nao wana masharti yao. Kati ya mwaka 2007 na 2010 Uholanzi ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ya Q, ugonjwa wa bakteria uliotoka hasa kwa mbuzi wa maziwa, na watu zaidi ya 4,000 waliandikishwa kuwa wameugua. Tangu hapo chanjo ya mbuzi na kondoo imekuwa sehemu ya kazi, na kunawa mikono kwa sabuni baada ya kushika mnyama ni sheria kwa mgeni na mwenyeji. Ng'ombe wakubwa na trekta huwa upande mwingine wa shamba. Wazee hukaa na kuku, sungura, mbuzi wadogo, pengine punda mpole: wanyama wanaokubali kuguswa na wasioweza kumwangusha mtu.

Majira ya baridi ndiyo mtihani. Uholanzi ina miezi ya mvua na upepo, saa kumi na nusu jioni kumeshaanza kuwa giza, na bustani imelala. Mtu asiye fundi angefunga mlango na kuwasha televisheni. Shamba zuri lina orodha ya kazi za msimu huo: kupasua vijiti vya kuwashia moto, kusafisha vyungu vya kupandia, kuchambua mbegu, kumenya matufaha ya kupika, kutengeneza chakula cha ndege wa porini. Na bado kila siku watu hutoka nje, hata kama ni robo saa, kwa sababu mbuzi wanakula kila siku. Makoti ya mvua yametundikwa mlangoni, gambuti ziko chini yake kwa saizi zote, na hakuna anayejadili kama leo ni siku ya kutoka.

Kutoka huko kuna faida iliyopimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Kiholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika nyumba 12 za wazee, lenye wakazi 189, wengi wao wakiwa na demensia. Katika baadhi ya nyumba taa za sebuleni ziliongezwa nguvu hadi kama luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) na kuachwa zikiwaka mchana kutwa. Wazee waliokaa kwenye mwanga huo walipungukiwa na dalili za huzuni kwa asilimia 19, na kudidimia kwa akili zao kulipungua kidogo, kama asilimia 5. Sababu ni saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, ambayo hupangwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Saa hiyo ikikosa mwanga, usiku na mchana huchanganyika, na mzee hulala adhuhuri na kutangatanga usiku wa manane. Sebule ya kawaida ina luksi mia chache tu. Nje, hata siku ya mawingu mazito, mwanga ni wa maelfu ya luksi. Mzee anayefagia uani kwa saa moja amepata mwanga mwingi kuliko ule wa taa za sebuleni, na hakuna aliyemwambia kwamba anatibiwa.

Kuhusu mashamba yenyewe, De Bruin na wenzake walikuta kwamba wazee wenye demensia wanaokwenda huko kwa siku hula zaidi na kunywa zaidi kuliko wanaokwenda vituo vya kawaida. Kwa ugonjwa unaokondesha watu na kuwafanya wasahau kunywa maji, hilo ni jambo kubwa. Bram de Boer na Hilde Verbeek wa Chuo Kikuu cha Maastricht walilinganisha mashamba yenye wakazi wa kudumu na nyumba za kawaida za wazee. Wa shambani walitoka nje zaidi, walijishughulisha zaidi, na walizungumza zaidi na wenzao. Pengo lilikuwa dogo walipolinganishwa na wakazi wa nyumba ndogondogo zisizo na shamba, ambako watu wachache huishi pamoja kama familia na kupika pamoja. Kwangu matokeo hayo yanathibitisha kwamba nyasi peke yake hazitoshi. Udogo wa mahali, kazi ya kweli na mtunzaji anayejua kazi yake hubeba sehemu kubwa ya mzigo.

Haki ya ufundi ni kusifiwa kwa kile unachokiweza. Demensia haina dawa ya kuiponya, na shamba si dawa hiyo. De Bruin alipopima uwezo wa wazee wa kuvaa, kuoga na kujihudumia baada ya muda, wa shambani na wa vituo vya kawaida hawakupishana: ugonjwa uliendelea kwa wote. Utafiti mwingi katika eneo hili umefanywa kwa watu wachache. Ambacho shamba linakiweza ni kuifanya siku ya leo iwe na sura ya siku, yenye asubuhi, jasho, njaa, chakula na uchovu mzuri, na kuwapa mke, mume au binti waliobaki nyumbani saa kadhaa za kupumua. Kwa mtu ambaye jana yake imefutika na kesho haioni, siku moja nzuri ni mali nyingi.

Wenye ufundi huu si watu wenye majina. Katika mashamba mengi ulianza na mke wa mkulima aliyesomea uuguzi au kazi ya matunzo, aliyeamua kuileta taaluma yake nyumbani badala ya kuifuata mjini. Mume alijua wanyama, mke alijua wagonjwa, na kila mmoja akamfundisha mwenzake. Leo kuna shirikisho la kitaifa la mashamba hayo, kuna vigezo vya ubora na ukaguzi, na kuna mafunzo. Hayo yote ni ya lazima. Lakini umbali ule wa kusimama, na ule ukimya wa kumngoja mtu amalize, hujifunzwa kwa kukaa karibu na aliyetangulia, kama ufundi mwingine wowote.

Nimeeleza habari za Uholanzi kwa kuwa huko ndiko ufundi huu ulikoandikwa na kupimwa. Unatugusa kwa njia ya pekee. Sisi hatuna haja ya kumpeleka mzee shambani. Wengi wa wazee wetu wametoka huko, na sisi ndio tuliowaondoa. Mama wa Rungwe au Makueni aliyelima miaka 60 huletwa Dar es Salaam au Nairobi akianza kusahausahau, akawekwa kwenye chumba kizuri ghorofa ya tatu, mbele ya televisheni. Akiinuka kwenda jikoni, mkwe na dada wa kazi humkimbilia: "Mama, wewe kaa tu, umeshafanya kazi za kutosha." Tunasema hivyo kwa heshima na mapenzi, baada ya shikamoo, na tunamaanisha. Lakini tumemwondolea kwa pamoja jua, mwendo, jirani wa kusalimiana naye na kitu cha kufanya, halafu tunashangaa miezi sita baadaye amekuwa mtu mwingine.

Wako pia wanaopata mabaya zaidi ya hayo. Katika sehemu za Kanda ya Ziwa huko Tanzania na Kilifi huko Kenya, wazee wamepigwa na hata kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, na maneno yasiyoeleweka au kutangatanga usiku vinaweza kugeuzwa ushahidi. Demensia ni ugonjwa wa ubongo. Haitokani na laana, na haimfanyi mtu mchawi.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mzazi, bibi au babu anayeanza kusahau, mpeleke kwanza hospitali, kwa sababu usahaulifu mwingine hutokana na mambo yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, maambukizi, au dawa anazotumia. Ukishapata jibu, usimkalishe. Mtafutie kazi ambayo mikono yake inaijua na ambayo nyumba inaihitaji kweli: kuchambua mchicha, kupepeta mchele, kupukuchua mahindi, kumwagilia, kuwalisha kuku wanne wa uani. Weka ungo na mchele mahali anapoviona. Anza wewe, kisha mwombe akusaidie. Akikosea, usimsahihishe kwa jambo dogo; akichelewa, mngoje. Mtoe nje kila asubuhi, hata kama ni kibarazani. Akimaliza mwambie asante, kwa sababu amekusaidia.